Upanga wa Kale wa Kijapani: Soma Chuma Kabla ya Kutoa Pesa

Upanga wa Kijapani unaweza kukufikia kwa njia nyingi. Utauona kwenye mnada wa intaneti ukiwa Doha au Nairobi, utaukuta kwenye duka la vitu vya kale London, au utatolewa uvunguni mwa kitanda cha babu aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles. Askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani kule Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw hadi Kalewa mwishoni mwa 1944, na Japani iliposalimu amri mwaka uliofuata, maofisa wake walitakiwa kukabidhi panga zao. Nyingi ziliingia kwenye mizigo ya wanajeshi waliokuwa wakirudi makwao, hasa Marekani, Uingereza na Australia. Ndiyo maana nchi hizo ni masoko makubwa ya panga hizi nje ya Japani yenyewe.

Kila upanga huuzwa na hadithi yake: wa samurai, wa jenerali, wa miaka mia saba. Hadithi isikilize kwa adabu, lakini usiilipie. Unacholipia ni chuma, na chuma kinasomeka ukijua pa kutazama.

1. Usisugue chochote

Upanga huharibiwa siku ile ile unapopatikana. Mtu anaona kutu, anashika msasa au dawa ya kung'arishia shaba, na kufikia jioni amefuta ushahidi wa karne nne. Kutu iliyo kwenye bapa inaweza kuondolewa na fundi aliyesomea kazi hiyo. Kutu iliyo kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, haiondolewi kamwe, na mtu yeyote. Tangu mhunzi alipoumaliza, msuka haukupaswa kunolewa wala kung'arishwa, kwa hiyo rangi ya kutu yake ndiyo kipimo cha umri. Kutu ya zamani sana ni nyeusi au kahawia iliyokolea, imetulia, na ukiipapasa ni laini. Kutu ya juzi ni nyekundu na hubaki kidoleni.

Usiguse bapa kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi, na kwa hewa ya Mombasa au Unguja alama ya kidole hugeuka kutu upesi. Usiunoe. Na tafadhali, usiujaribu kwenye mgomba.

2. Jua unatazama upanga wa aina gani

Wajapani hupima kwa shaku, na shaku moja ni sentimita 30.3. Weka rula kwenye mstari ulionyooka kutoka nchani hadi kwenye kikato cha mgongo, pale bapa linapoishia na msuka unapoanza. Chini ya shaku 1 ni tanto. Kati ya shaku 1 na 2 ni wakizashi. Zaidi ya shaku 2, yaani sentimita 60.6, ni katana au tachi. Tachi ndiyo ya zamani zaidi, ilining'inizwa kiunoni makali yakitazama chini. Katana ilichomekwa mshipini makali yakitazama juu. Kwa kawaida saini huwekwa upande unaotazama nje mvaaji akiwa ameuvaa, basi upande wa saini hukwambia upanga ulikusudiwa kuvaliwaje. Ziko tofauti: ukoo wa Tadayoshi wa Hizen ulikuwa na desturi ya kusaini katana zake upande wa tachi.

Kwa zama, wakusanyaji hugawa hivi: koto ni hadi 1596, shinto hadi karibu 1780, shinshinto hadi 1876, mwaka serikali ilipowapiga watu marufuku kutembea na panga. Zilizofuliwa kwa njia ya jadi baada ya hapo huitwa gendaito.

Panga za jeshi zinahitaji jicho la peke yake kwa sababu ndizo nyingi zaidi sokoni. Upanga wa masajini na wenzao wasio na kamisheni, wa mwaka 1935, ulitengenezwa kwa mashine, una namba iliyogongwa kwenye bapa, na mpini wake wa kawaida ni wa aluminiamu iliyomiminwa na kupakwa rangi ili ufanane na mpini uliosukwa uzi. Ni kumbukumbu ya vita, na ina wakusanyaji wake, lakini si kazi ya mhunzi. Panga za maofisa wenye kamisheni, za 1934 na 1938, zina mpini uliosukwa kwelikweli na madini yenye maua ya mcheri. Humo ndani kunaweza kuwa na chochote: bapa la kiwandani lililopozwa kwa mafuta, bapa la mhunzi wa wakati wa vita, au bapa la ukoo la karne ya 16 lililovishwa mavazi ya jeshi ili kijana aende nalo vitani. Watu wameuza mali ya thamani kwa bei ya chuma chakavu kwa kutazama mpini tu.

3. Vua mpini bila kuvunja kitu

Kwa kawaida mpini hushikiliwa na kigingi kimoja cha mwanzi kiitwacho mekugi. Kimechongwa kikiwa chembamba upande mmoja, kwa hiyo kisukume kutoka upande huo mwembamba, kwa kijiti cha mbao ngumu au shaba, kwa kugonga polepole. Kwenye panga za jeshi tafuta pia kitufe cha kufuli karibu na mkono. Kigingi kikigoma, kidondoshee mafuta na ukiache hadi kesho.

Kikitoka, shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa umesimama na umeinama kidogo kukuacha wewe, makali yakitazama mbele. Kunja ngumi ya kulia na upige juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, kwa wepesi, mara kwa mara. Mtikisiko unalegeza msuka. Ukilegea, shika bapa upande wa mgongo kwa kitambaa safi na uvute. Panga vifaa vilivyotoka kwa mfuatano wake mezani, na zile shaba bapa zinazokaa pande mbili za tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono, usizibadilishe nafasi. Kila moja ilitengenezwa kwa upande wake, na ukizigeuza upanga utacheza ndani ya mpini.

4. Msuka ndio shahidi mkuu

Hapa kaa muda mrefu. Tazama tundu za kigingi ni ngapi: tundu zaidi ya moja mara nyingi humaanisha upanga ulibadilishiwa mpini au ulifupishwa. Panga nyingi za zamani zilikatwa chini ili ziendane na mtindo wa baadaye, na ukataji mkubwa uliondoka na saini yote. Upanga usio na saini, basi, si lazima uwe wa hali ya chini. Baadhi ya zile bora kabisa hazina hata herufi. Tazama mwelekeo wa mikwaruzo ya tupa na umbo la mwisho wa msuka, kwani kila shule ya wahunzi ilikuwa na mazoea yake.

Saini yenyewe ichukue kama dai linalosubiri uthibitisho. Mfano mzuri ni Osafune, kijiji cha wahunzi cha jimbo la kale la Bizen (au Bishu), ambacho sasa kiko mji wa Setouchi, mkoa wa Okayama. Msuka ukisomeka «Bishu Osafune Sukesada» umekutana na jina lililotumiwa na wahunzi wengi sana karne ya 15 na 16, wakati Japani nzima ilikuwa vitani na panga zilitolewa kwa wingi. Saini hiyo fupi mara nyingi ni ya kazi ya wingi. Ukiona saini ndefu, inayoanza na «Bizen no kuni ju» na kutaja jina binafsi la mhunzi, kwa mfano Yosozaemon no jo Sukesada, huenda upanga uliagizwa na mtu maalumu, na bei hupanda sana. Kwa sababu hiyo hiyo walaghai huongeza herufi.

Upande wa pili unaweza kuwa na tarehe. Wajapani huhesabu kwa jina la enzi na namba ya mwaka. Chukua mwaka enzi ilipoanza, jumlisha namba, toa moja. Enzi ya Eisho ilianza 1504, kwa hiyo «Eisho mwaka wa 10» ni 1513. Showa ilianza 1926, basi «Showa mwaka wa 18» ni 1943. Mbele ya hapo utakuta «siku ya mwezi wa pili» au «siku ya mwezi wa nane» mara nyingi ajabu. Hiyo ilikuwa desturi ya uandishi, usiichukue kuwa tarehe halisi ya kazi.

Sasa saini za uongo, ziitwazo gimei. Kadiri jina lilivyo kubwa ndivyo unavyopaswa kuwa mgumu. Masamune wa Sagami, aliyefanya kazi mwishoni mwa zama za Kamakura, karibu na mwaka 1300, ameacha panga chache mno zenye saini, na nyingi zinazokubalika kuwa zake hazina saini kabisa. Kwa hiyo upanga wenye jina lake uliouona kwa bei ya pikipiki hauhitaji mjadala. Nagasone Kotetsu wa karne ya 17, ambaye alikuwa mtengeneza deraya kabla ya kugeukia panga mjini Edo, Tokyo ya leo, ameghushiwa kiasi kwamba wataalamu huanza na shaka wakisikia jina tu. Chukua lenzi utazame mitaro ya herufi. Kutu ndani ya mtaro iwe ya umri mmoja na kutu ya nje. Herufi iliyochongwa juu ya kutu ya zamani huonyesha kingo mbichi, au utakuta imepakwa dawa nyeusi kufunika chuma kipya.

Kwenye panga za vita tafuta mihuri midogo. Muhuri wa Showa au wa Seki, mji wa wafua panga, huashiria kazi isiyo ya jadi. Muhuri wa nyota ni dalili ya mhunzi aliyekuwa kwenye mpango wa jeshi wa kufua kwa chuma cha jadi, na hizo zinastahili kuchunguzwa zaidi.

5. Bapa chini ya balbu moja

Zima taa zote ubakishe balbu moja iliyo wazi, juu kidogo ya usawa wa macho. Elekeza ncha upande wa balbu na uzungushe upanga polepole hadi mwanga uteleze juu ya bapa. Pembeni kidogo ya mwako ndipo utaona hamon, mpaka kati ya makali magumu na mwili laini zaidi. Mpaka huo hutokea mhunzi anapopaka udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, kisha kupoza upanga majini. Hamon ya kweli ina kina: utaona chembe zinazometa, nie, au ukungu mweupe usioonyesha chembe, nioi. Hamon iliyochorwa kwa asidi imelala juu tu, na ukigeuza upanga haina uhai. Juu ya hamon tafuta mistari ya kukunjwa kwa chuma. Upanga ukiwa umechafuka sana huenda usiione, na hilo peke yake si ushahidi wa ubandia.

Dosari si sawa zote. Malengelenge madogo na mianya ya kuunganika kwa chuma husameheka kwenye upanga wa kale. Hagiri haisameheki: ni ufa mwembamba unaoanzia kwenye makali na kupanda kwenda juu, na wakati mwingine unahitaji lenzi kuuona. Ncha ambayo hamon imepotea mara nyingi ina maana ilivunjika ikachongwa upya. Tazama pia pale chini karibu na msuka. Ukiona kivuli cheupe kinachopanda kwa mshazari, kiitwacho mizukage, huenda upanga uliungua na kupozwa upya. Hilo hushusha thamani, ingawa historia ina mizaha yake: panga zilizoungua ngome ya Osaka ilipoanguka 1615 zilipozwa upya na Yasutsugu wa Echizen kwa amri ya ukoo wa Tokugawa, na leo zinaheshimiwa.

6. Pima, piga picha, andika

Andika urefu, kina cha mpindo, upana chini na karibu na ncha, unene wa mgongo, na idadi ya tundu. Piga picha ya msuka pande zote mbili, kamera ikiwa imenyooka na mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zipate kivuli. Lalisha karatasi nyembamba juu ya msuka, isugue kwa penseli laini, na utapata nakala ya saini kwa ukubwa wake halisi. Wajapani huiita oshigata. Nakala hiyo ndiyo utakayolinganisha na saini za kweli zilizokusanywa na majumba ya makumbusho na watafiti: pembe ya patasi, nafasi kati ya herufi, mpangilio wa mikato ndani ya herufi moja. Jina likifanana lakini mkono ukawa tofauti, una gimei.

7. Karatasi zipo za aina mbili, usizichanganye

Ndani ya Japani kila upanga wa jadi unapaswa kuwa na torokusho, hati ya usajili inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Inataja urefu, mpindo, tundu na saini kama ilivyoandikwa. Haisemi kwamba saini ni ya kweli. Wauzaji wasio waaminifu huitangaza kama cheti cha uhalisi, na wageni hulipa.

Karatasi za uhakiki ni kitu kingine. Zinazoaminika zaidi hutolewa na NBTHK, jumuiya ya Kijapani ya kuhifadhi panga, iliyoanzishwa 1948 baada ya panga nyingi kukusanywa na majeshi ya kigeni yaliyoikalia nchi baada ya vita na kuharibiwa. Ngazi zake, kutoka ya chini hadi ya juu, ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Karatasi za mfumo uliotangulia, ule uliokoma 1982, zichukuliwe kwa tahadhari, hasa za miaka ya 1970 kwa majina makubwa. Anayeagiza gari Japani anaijua karatasi ya mnada: anaisoma, halafu bado anakagua kama namba ya chesisi inalingana. Fanya hivyo hivyo hapa. Linganisha picha ya msuka iliyo kwenye karatasi na msuka wenyewe, tundu kwa tundu, kwa sababu kuna karatasi halali zilizohamishiwa upanga mwingine.

Ukiwa na upanga nje ya Japani na unataka uhakiki huo, lazima uurudishe kule na usajiliwe kwanza. Upanga wa kiwandani wa wakati wa vita haupokelewi. Kwa hiyo, kabla ya gharama hizo, peleka picha kwa chama cha wakusanyaji au mtaalamu wa makumbusho.

8. Tsuba, vifaa vidogo na deraya

Bajeti ikiwa ndogo, hapa ndipo pa kuanzia. Tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono, hubebeka, ni rahisi kuhifadhi, na ina elimu yake kamili. Utakutana na chuma kitupu, na shakudo, ambayo ni shaba yenye dhahabu kidogo inayogeuka nyeusi yenye kivuli cha buluu, na shibuichi, shaba na fedha, yenye rangi ya kijivu. Rangi hizo zilitengenezwa kwa makusudi. Ukizing'arisha unabaki na shaba tupu na hasira. Tsuba ya kumiminwa mara nyingi hujulikana kwa mshono ndani ya tundu na vipele vya viputo. Ukoo wa Goto, ulioanza na Yujo karne ya 15, ndio unaotajwa zaidi kwenye vifaa vya madini laini, kwa hiyo nao ndio unaoghushiwa zaidi.

Deraya ni ngumu kidogo. Nyingi ni mkusanyiko wa vipande vya seti tofauti, na muuzaji husema ni seti moja. Linganisha nyuzi, laki na misumari ya kila kipande. Ndani ya chapeo, upande wa nyuma, tafuta saini. Jina la Myochin lichukue kwa tahadhari kwa kuwa ukoo huo wenyewe ulikuwa mkarimu sana wa kujipa mababu maarufu. Zile deraya ndogo zinazong'aa ni mapambo ya sikukuu ya wavulana ya tarehe 5 Mei. Laki haitiwi mafuta, na hariri haipigwi jua. Ukitaka kuona deraya ya kweli yenye historia isiyo na shaka, makumbusho ya Royal Armouries ya Uingereza ina ile ambayo shogun, mtawala wa kijeshi, Tokugawa Hidetada alimpelekea Mfalme James wa Uingereza 1613.

9. Sheria kabla ya malipo

Kuutoa upanga Japani kunahitaji kibali cha Wakala wa Utamaduni, na torokusho hurudishwa. Muuzaji mzoefu hufanya hayo mwenyewe, kwa wiki kadhaa. Anayesema ataupitisha tu mwache. Uingereza tangu 2008 inazuia kuuza na kuingiza panga zilizopinda zenye sentimita 50 au zaidi, lakini inaachia za kale na zilizofuliwa kwa njia ya jadi, na kuthibitisha ni juu yako. Kama unauleta Kenya, Tanzania au Ghuba, andikia forodha na polisi kwanza na ubaki na jibu la maandishi. Kwenye ndege upanga unakaa kwenye mzigo wa chini, na shirika liambiwe mapema. Kuwa makini hasa na zile panga zilizochongwa mfupa au pembe za ndovu kutoka mpini hadi ala. Nyingi zilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa watalii, bapa lake huwa duni, na pembe za ndovu zitakuingiza matatani kwenye viwanja vyetu vya ndege kuliko upanga wenyewe.

10. Kuutunza pwani

Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini yenye spiriti safi kidogo, kutoka chini kwenda nchani, mgongo ukiwa upande wa kiganja. Kisha paka mafuta mapya kwa utando mwembamba kabisa. Ya Kijapani hunukia karafuu kwa kuwa yametiwa mafuta ya karafuu kidogo, lakini usichukue mafuta ya karafuu matupu ya Pemba ukapaka. Mafuta mepesi ya madini, hata yale safi ya cherehani, yanatosha. Ukiishi karibu na bahari kagua kila mwezi. Usihifadhi kwenye ngozi. Upanga uhifadhiwe ukiwa umelala, na kama ala ni ya zamani na chafu ndani, utengenezee ala mpya ya mbao tupu, shirasaya.

Kusafisha bapa kwa mawe ni kazi ya togishi aliyejifunza kwa miaka. Kila usafishaji hula chuma, na upanga una idadi ya mara unazoweza kuvumilia. Mwombe kwanza afungue dirisha dogo tu, sentimita chache, ili muone kilichomo kabla ya kulipia urefu wote.

11. Ununuzi wa kwanza

Tazama panga nyingi nzuri kabla ya kununua moja. Makumbusho ya Panga ya NBTHK iko Ryogoku, Tokyo, tangu 2018. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo iko Ueno. Osafune ina jumba lake ambako unaweza kuwaona wahunzi wakifua. Walio Marekani wana Metropolitan ya New York na Museum of Fine Arts ya Boston. Kisha nunua wakizashi yenye karatasi ya Hozon na usafishaji ulio hai, kwa sababu kwenye bapa lililofifia huwezi kujifunza chochote. Omba picha za msuka bila mpini, za hamon chini ya balbu, na za ncha pande zote mbili. Pata siku za kurudisha kwa maandishi. Upanga ukifika, vua mpini siku hiyo hiyo, ulinganishe na karatasi, na kama tundu moja halilingani, ufunge uurudishe.